Kuomba Kozi ya Usafi wa Kinywa na Meno kwa Mtu Asiyewahi Kufanya Kazi Kliniki

Ndugu waombaji, wazazi na walezi, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunialika nizungumzie swali linalorudi kila msimu wa udahili: je, mtu ambaye hajawahi kushika kioo cha daktari wa meno, hajawahi kusimama kando ya kiti cha matibabu kumsaidia daktari, wala hana jamaa yeyote katika fani hii, ana haki ya kutumaini nafasi katika kozi ya usafi wa kinywa na meno? Jibu langu ni kwamba anayo, na kwamba wengi wanaokosa nafasi huku wakiamini kuwa wamekataliwa kwa kukosa uzoefu, kwa kweli wamekataliwa kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kwamba maombi yao hayakuonyesha kuwa wanaijua kazi wanayotaka kuisomea. Mtu anaweza kuijua kazi bila kuwahi kuifanya, kama vile anavyoweza kuifanya miaka mingi bila kuielewa, na jopo la usaili linatafuta huko kuielewa.

Niseme kwanza kwamba fani hii haikujengwa na watu waliotoka kliniki peke yao. Mwaka 1906 daktari wa meno Alfred Fones, wa mji wa Bridgeport katika jimbo la Connecticut, Marekani, alimfundisha msaidizi wake Irene Newman, aliyekuwa pia binamu yake, kusafisha meno ya wagonjwa na kuwaelekeza namna ya kuyatunza. Newman alikuwa na uzoefu, nalisema mapema kabla hamjanikumbusha. Lakini Fones alipofungua shule yake mwaka 1913, miongoni mwa wanawake aliowapokea walikuwamo walimu wa shule na wauguzi, pamoja na wasaidizi wa madaktari wa meno, na wengi wa waliohitimu mwaka uliofuata waliajiriwa katika shule za mji huo kusafisha meno ya watoto na kuwafundisha kupiga mswaki. Tangu mwanzo, basi, mwalimu aliyezoea kumweleza mtoto jambo lile lile mara kumi bila kununa alionekana kuwa na kitu ambacho kazi hii inakihitaji. Leo pia ni hivyo, ingawa waombaji wengi hawalitumii hilo.

Kazi yenyewe ni ipi? Mtaalamu wa usafi wa kinywa huchunguza fizi na tishu nyingine za kinywa, hupima hali ya fizi, huondoa utando wa bakteria na ukoga mgumu juu ya ufizi na chini yake, hupaka dawa yenye floridi, huziba mifereji ya magego ya watoto ili chakula kisikwame humo, mahali pengi hupiga picha za eksirei, na wakati wote huo hufundisha. Mipaka ya kazi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hata kati ya jimbo na jimbo. Kuna mahali anaruhusiwa kuchoma sindano ya ganzi na mahali ambapo haruhusiwi. Kuna mahali lazima daktari awe amemwona mgonjwa kwanza, ilhali nchini Uingereza, tangu mwaka 2013, mgonjwa anaweza kumwendea moja kwa moja bila kupitia kwa daktari. Mwombaji anapaswa kuijua sheria ya mahali anapotaka kusomea, kwa sababu sheria hiyo ndiyo inayoamua atakachofanya siku atakapohitimu, na swali hilo huulizwa kwenye usaili mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Swali jingine ambalo lazima mjiandae nalo ni hili: kwa nini usisomee udaktari wa meno? Mwombaji asiyejua kazi hujibu kwamba udaktari ni mrefu, au alama zake hazikutosha, na hata kama ni kweli, jibu hilo linawaambia wasaili kwamba amekuja hapo kwa kushuka ngazi. Mwenye kuijua kazi hueleza tofauti. Daktari wa meno kwa sehemu kubwa hushughulika na uharibifu uliokwisha kutokea, ilhali mtaalamu wa usafi hukutana na mgonjwa yule yule mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, akijaribu kuuzuia uharibifu huo au kuupunguza kasi. Ni kazi ya uhusiano wa muda mrefu na ya maendeleo yanayopimwa kwa milimita. Anayeipenda kwa sababu hiyo asione haya kulisema.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote, nayo ni kushuhudia kazi. Kushuhudia si kuajiriwa, hakuhitaji cheti, na baadhi ya vyuo huweka hata idadi ya saa ambazo mwombaji lazima awe ameketi kliniki akitazama kabla ya kutuma fomu. Palipo na sharti hilo, litimizeni. Pasipo na sharti, fanyeni vivyo hivyo. Andikeni barua fupi yenye adabu kwa kliniki kadhaa, mkisema wazi kwamba mnaomba kutazama tu, kwamba mtatunza siri za wagonjwa na kwamba mtaondoka mgonjwa yeyote akitaka mwondoke. Baadhi hawatajibu. Hilo lisiwavunje moyo, maana kliniki ina shughuli nyingi na barua yenu si ya kwanza kuwafikia.

Lakini kutazama nako kuna namna yake. Waombaji wengi hurudi kutoka kliniki wakiwa na sentensi moja tu, kwamba mazingira yalikuwa safi na wahudumu walikuwa wakarimu. Tazameni mikono. Chukueni mfano wa upimaji wa fizi. Mtaalamu hushika kipimo chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi mpaka kikome, akasoma namba. Hufanya hivyo katika sehemu 6 za kila jino, 3 upande wa nje na 3 upande wa ndani, kwa hiyo mtu mwenye meno yote 32 hupimwa mara 192. Ufizi wenye afya kwa kawaida hutoa namba kati ya 1 na 3. Kuanzia 4 kwenda juu, hasa pakiwa na damu, mtaalamu huanza kuangalia kwa makini zaidi. Namba husomwa kwa sauti ili mwenzake aziandike: tatu, mbili, tatu, mbili, mbili, tatu, halafu ghafla, tano. Hapo mtazameni mgonjwa. Hajui maana ya tano, lakini amesikia kwamba ni kubwa kuliko zilizotangulia, na mara nyingi mtaona vidole vyake vikikaza kwenye mkono wa kiti. Mtaalamu mzuri hulitarajia hilo. Kabla hajaanza, alikwisha kumweleza mgonjwa namba zinamaanisha nini na ni zipi zitakazowapa cha kuzungumza baadaye.

Angalieni pia kidole cha pete cha mkono unaofanya kazi. Hakielei hewani, kimeegemezwa kwenye jino la jirani ili mkono usiteleze mgonjwa akishtuka. Angalieni shingo ya mtaalamu, jinsi anavyokisogeza kiti chake na kichwa cha mgonjwa badala ya kujipinda mwenyewe, kwa sababu maumivu ya shingo, mabega na mgongo ni miongoni mwa mambo yanayowatoa watu katika kazi hii mapema. Angalieni anavyosafisha meno ya juu, upande wa ndani, kwa kutazama ndani ya kioo kidogo ambamo kila kitu kimegeuka. Hakuna chuo kinachotarajia mwombaji ajue kufanya hayo, na sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza hutumika kuyafundisha kwa kutumia vichwa vya bandia kabla mwanafunzi hajamgusa mtu. Kinachotarajiwa ni kwamba ameyaona, na kwamba alipoyaona alijiuliza kwa nini yanafanywa hivyo.

Mtu aliyetazama namna hiyo hana shida ya kuandika maelezo binafsi, na hapa tofauti kati ya maombi mawili huonekana waziwazi. Katika rundo la barua, nyingi huanza na kauli kwamba mwombaji amependa tangu utotoni kusaidia watu, au na takwimu ya Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2022, kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine. Takwimu hiyo ni sahihi na inatisha. Ila haisemi lolote juu ya aliyeiandika, na msomaji wa barua anaifahamu tangu zamani. Kisha inakuja barua ya mtu aliyefanya kazi ya ususi, ambaye anaandika kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akishika vichwa vya watu wasiomfahamu, akisimama kwa saa nyingi, akigundua kwa vidole mahali panapouma kabla mteja hajasema, na kwamba alipokwenda kutazama kliniki alishangaa kuona mtaalamu akiacha kifaa na kungoja, bila neno, mara tu bega la mgonjwa lilipoinuka. Huyu hana uzoefu wa meno hata wa siku moja. Hata hivyo ameniambia kwamba ana mikono yenye subira na macho yanayosoma mwili wa mtu, na ameniambia kwa ushahidi, si kwa sifa.

Nawasihi kwa hiyo msiyafiche mliyoyafanya kabla ya hapa kana kwamba ni aibu. Fundi cherehani ana vidole vilivyozoea kazi ndogo ya saa nyingi. Aliyewahudumia wazee anajua kumkaribia mtu anayeona haya kwa hali ya mwili wake. Aliyekaa mapokezi anajua hasira ya mtu aliyesubiri mno. Karani wa ghala anajua kuweka kumbukumbu ambazo mwingine atazitegemea, na rekodi ya mgonjwa isiyoandikwa vizuri ni kosa la kitaalamu sawa na jino lililosafishwa nusu. Wajibu wa mwombaji ni kuonyesha daraja kati ya kazi ile na hii kwa tukio mahususi, maana msomaji hatalijenga daraja hilo kwa niaba yake. Na msivuke mpaka kwa kutia chumvi: mwombaji anayedai kwamba kuuza dawa za meno dukani ni uzoefu wa kitabibu hujiharibia.

Juu ya sayansi sitakaa sana, ingawa ndiyo inayowaangusha wengi. Vyuo karibu vyote hutaka biolojia, vingi hutaka kemia, na huko Marekani ni kawaida kudaiwa masomo ya chuo ya anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia kabla hata ya kufikiriwa. Baadhi havikubali masomo yaliyofanywa zamani mno. Mtu asiye na uzoefu wa kliniki ana nafasi hapa ya kulipa pengo lake, kwa sababu pale ambapo nafasi hugawanywa kwa pointi, alama nzuri za sayansi zinaweza kuwa na uzito kuliko miaka ya kusimama kando ya kiti. Someni sifa za kujiunga za kila chuo neno kwa neno, kwa sababu hazifanani. Kuna vyuo vinavyodai cheti cha usaidizi wa daktari wa meno na ambavyo havitafungua faili lako bila hicho. Kuna vinavyokipa pointi chache tu. Na kuna visivyokitaja kabisa. Kutuma maombi kwenye kundi la kwanza kwa matumaini ya huruma ni kupoteza ada ya fomu.

Jambo jingine la utawala, nalitaja kwa sababu limewahi kuwachelewesha watu waliokwisha kupata nafasi: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa utaratibu wa kawaida ni dozi 3 zinazochukua miezi 6 hadi kukamilika, na vyuo vingi haviruhusu mwanafunzi amguse mgonjwa kabla hajathibitisha kinga. Anayengoja barua ya kukubaliwa ndipo aanze, amechelewa. Hakikisheni pia kwamba chuo kinatambuliwa na mamlaka inayosajili wataalamu wa fani hii katika nchi husika, kwa kuwa mhitimu wa chuo kisichotambuliwa anaweza kuzuiwa hata kuufanya mtihani wa leseni, na hapo hakuna barua ya maelezo itakayomwokoa.

Nirudi kwenye usaili. Vyuo vingine hupima mikono, kwa mfano kwa kumpa mwombaji waya akaukunje kufuata mchoro, na wanaopimwa hivyo huhangaika kuumaliza haraka. Wasaili hutazama zaidi jinsi mtu anavyofanya anapokosea: je, anarudi kwenye mchoro, anapima, anarekebisha kidogo kidogo, au anakunja kwa nguvu zaidi? Lakini kiini cha usaili ni maswali ya hali, na mfano ambao naupenda ni huu. Mgonjwa mzee amekuja baada ya kupita miaka mingi bila kuonwa, kinywa kinanuka, fizi zinavuja damu zikiguswa, na kabla hujasema neno anafunika mdomo kwa kiganja na kuomba radhi. Utamwambia nini?

Waombaji wengi, wakitaka kuonyesha ujuzi, huingia moja kwa moja kwenye mafundisho: nitamwambia apige mswaki mara mbili kwa siku, atumie uzi wa meno, aache sukari. Kila neno ni sahihi, na yule mzee hatarudi tena. Jibu ambalo jopo hulisikiliza huanza na mtu kabla ya meno. Linamshukuru kwa kuja, linamuuliza ni nini kilichomleta leo na ni nini kilichokuwa kikimzuia, kisha linangoja jibu, kwa sababu huenda sababu ikawa hofu ya sindano, au ugonjwa wa mke aliyekuwa akimuuguza, au dawa za presha zinazomkausha kinywa, au vidole vyenye baridi yabisi visivyoweza kushika mswaki mwembamba. Kila moja ya sababu hizo inadai ushauri wake. Mwenye baridi yabisi hahitaji hotuba juu ya sukari. Anahitaji mswaki wenye mpini mnene. Hakuna cheti cha kliniki kinachohitajika ili kulijibu swali hilo vizuri, na nimewasikia watu wenye vyeti wakilijibu vibaya.

Kuna pia maswali ya uadilifu. Ukimwona mwenzako akitumia kifaa ambacho huna hakika kimepita kwenye mashine ya kuua vijidudu, utafanyaje? Msijibu kishujaa. Sema kwamba utamsimamisha kwa sauti ya chini kabla kifaa hakijamfikia mgonjwa, kwamba kitabadilishwa, kisha utalipeleka jambo kwa msimamizi kwa utaratibu uliowekwa. Na mkiulizwa jambo la kitaalamu msilolijua, semeni kwamba hamlijui. Mtu asiye na uzoefu ambaye anabahatisha majibu ya kitabibu anawatia wasaili wasiwasi kuliko anayenyamaza, kwa sababu wanamwona tayari akibahatisha mbele ya mgonjwa.

Nimeulizwa na wengi wenu, kabla ya kikao hiki, kama ni busara kusomea kwanza usaidizi wa daktari wa meno, kufanya kazi mwaka mmoja au miwili, ndipo kuomba. Kwa anayelenga chuo kinachokidai cheti hicho, hakuna mjadala. Kwa anayehitaji kipato huku akimalizia masomo ya sayansi, ni njia nzuri, na ina faida ya kumfunulia mapema kama harufu, damu na kazi ya kujirudia vinamfaa au la. Kwa aliye na alama tayari, aliyekwisha kushuhudia kazi kwa makini na ambaye vyuo anavyovilenga havidai cheti, sioni sababu ya kuahirisha. Aombe mwaka huu. Akikataliwa, aandikie ofisi ya udahili kuuliza ni kipengele gani kilichopungua, kwa kuwa vyuo kadhaa hutoa jibu hilo kwa anayeuliza kwa adabu, na jibu hilo litamwambia kama mwaka unaofuata autumie darasani, kliniki, au kwenye meza yake akiiandika upya ile barua.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wale ambao tayari wameshika fomu mkononi.